Pazia Nililolipasua Kutoka Chini

Papa Etabo, fundi wangu,

Amahoro. Nakuandikia kwenye meza yako ya kukatia, mchana wa Ijumaa, mlango nimeufunga kwa ndani. Najua hukupenda mlango wa fundi ufungwe mchana. Ulikuwa ukisema fundi anayejifungia ana kitambaa cha watu anachokificha. Lakini ng'ambo ya mtaro wamesimama watu watatu tangu asubuhi, na hawakuja kushonesha. Wamekuja kuona kama bado napumua.

Nianze na kosa langu, maana hukumpenda mtu anayelizungukia kosa lake kama mbwa anavyozungukia mahali pa kulala.

Ulipokuwa hospitali, mguu mmoja umeshakatwa na kisukari kinaula wa pili, uliniita karibu na mto wako ukasema, "Perusi, ile hema muifungue. Somo imeisha. Hema haikuwekwa ya kukaa." Nikaitika ndiyo, Papa. Siku nne baadaye ukafa. Tulikuzika kule juu, upande wa Kizuka, mvua ikinyesha, nikarudi nyumbani, na hema sikuifungua. Niliona nikiing'oa nitakuwa nimekuzika mara ya pili. Nikaiacha isimame pale uani mwa kanisa letu, karibu na ziwa, miti yake na mapazia yake, kama ulivyoisimamisha wewe kiangazi kile ili watoto waielewe hema ya Musa.

Unakumbuka kiangazi kile? Mimi nakumbuka kila mshono. Lango moja tu, limeelekea mashariki, kwenye milima. Ukiingia unakutana na madhabahu ya matofali, kisha beseni la plastiki ulilolichukua kwa mama yangu bila kumwomba. Ndani, upande mmoja kinara cha vikopo saba vya nyanya, vinawaka kwa mawese, na upande wa pili meza ya mikate kumi na miwili, ambayo kila tulipoifikia ilikuwa kumi, mara nyingine tisa, na watoto wote wanafuta midomo. Hukuwagombeza. Ulisema, "Bamekula mukate wa Bwana, sasa mutabatapisha?"

Na mwisho kabisa, upande wa ziwa, pazia. Buluu, zambarau, nyekundu. Mimi ndiye niliyelishona, miezi miwili, na makerubi niliyatarizi kwa mkono. Ulicheka ukasema mabawa yao ni ya ndege wanaoiba ndagala, dagaa wetu wa ziwa, pale ufukweni. Kisha ukaacha kucheka. Ukawaambia watoto kwamba vyote walivyovipita, lango na damu na maji na taa na mkate, ni kivuli cha mtu mmoja, na kwamba pazia lenyewe ni mwili wake, na siku alipokufa lilipasuka. "Kutoka juu," ukasema. "Muangalie muzuri. Juu, kule mukono wa mutu haufike. Mungu ndiye alilipasua. Alichoka kukaa peke yake."

Mimi sikuwa mtu wa imani, unajua. Nilizaliwa ukimbizini Tanzania, nikarudishwa hapa msichana mkubwa, tukakuta kwenye shamba la babu yangu michikichi ya watu wengine, tukalala chini ya shitingi mwaka mzima. Nililichukia lile turubai hata harufu yake. Wewe uliyevuka ziwa kutoka Ubembe ukikimbia vita, ukiwa na kichwa cha cherehani begani na hakuna kingine, ndiye uliyeniambia, "Mungu mwenyewe alikaa mu shitingi, miaka makumi ine, juu watu wake walikuwa mu shitingi. Weye ni nani ukatae?" Siku hiyo ndipo nilipoanza kusikiliza.

Sasa sikiliza wewe.

Mvua iliyofuata kifo chako, ziwa lilipanda, halikurudi. Lilichukua kwanza meza za kuanikia ndagala, halafu vyoo, halafu nyumba za mstari wa mbele. Nyumba ya mwinjilisti Yona ilianguka asubuhi watu wakiwa kanisani. Yona wako, uliyemfundisha kusoma kwa kidole, uliyemshonea suti ya harusi. Walipanga chumba nyuma ya soko, yeye na mkewe na mtoto wao Sifa, kule ambako maji ya visima yalikuwa yamechanganyika na ya vyoo. Kipindupindu kilimchukua Sifa kwa siku mbili. Alikuwa na miaka mitano. Ndiye aliyekuwa akila mikate miwili.

Sikumwona Yona akilia. Ningemwona akilia, labda hata barua hii nisingeiandika. Jumapili ya pili baada ya mazishi alisimama akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Katikati yetu kuna kitu kichafu. Mungu anatutafuta." Kisha akatuhubiria habari za wale wana wa Haruni waliopeleka moto wa kigeni wakateketea. Wewe habari hiyo uliigusa mara moja tu, ukaipita. Yona aliishika miezi mitatu.

Siku moja nilikuta uani patupu. Miti ya hema imelundikwa kuni. Pazia langu Yona amelichukua akalitundika ndani ya kanisa, kutoka kwenye boriti mpaka sakafuni, pale mbele, upande wa ziwa. Nilifurahi, Papa. Nakuambia ukweli. Nilisema moyoni, kazi yangu imepata heshima.

Mwanzoni aliingia nyuma yake kuomba, basi. Halafu ikawa hakuna mwingine anayeruhusiwa. Halafu tukavua viatu tangu mlangoni. Mama mmoja mzee aliinua pindo lake kidogo ili afagie, na Ijumaa iliyofuata akateleza kwenye tope akavunjika nyonga. Yona alimtazama tu yule mama alipoletwa amebebwa, kisha akatutazama sisi, na toka siku ile hata watoto walipita mbali na ukuta ule.

Ndipo alipokuja hapa atelye, chumba chetu cha kushonea. Alileta kanzu na njuga ndogo kumi na mbili. Akaniomba nizishone kwenye pindo, kama za kuhani mkuu, ili akiwa ndani sisi tusikie kama angali hai. Nikazishona. Nilikaza nyuzi mara mbili, zisilegee.

Kisha ikaja kamba. Akiingia, anafungwa kamba kiunoni, na ncha wanaishika wazee wawili, Mzee Lazaro yule mwashi na mwenzake, ili akianguka amekufa wamvute bila kuingia. Nilikumbuka ulivyoniambia siku moja unapiga pasi, kwamba watu wanapenda sana kuihadithia ile kamba ya kuhani lakini umeitafuta kwenye Maandiko miaka yote hukuiona. "Njuga zimo. Kamba haimo. Kamba ni ya woga." Nilipaswa kusimama niseme. Nilikaa. Tulikaa wote, bila viatu, tukisikiliza njuga, na zikinyamaza kidogo kanisa zima linashika pumzi. Nyuma ya ukuta, ziwa lilikuwa linapiga.

Mke wa Yona, Mama Sifa, akawa na mimba. Wote tulisema Mungu amewafariji. Mwezi wa nane wa mimba akaanza kuvimba uso na miguu. Alikuja kuniomba nimpanulie gauni, akakaa kwenye kiti chako, akashika kichwa. "Perusi, naona vitu kama vimulimuli mu macho. Mangaribi na muchana." Nikamwambia aende hospitali, si mbali, hata kwa miguu ni karibu. Akasema, "Baba Sifa anaogopa. Sifa alikufia kule."

Alhamisi Yona akatangaza kwamba atamlaza mkewe nyuma ya pazia, mbele ya kiti cha rehema, siku tatu bila kula, mpaka Mungu atamke. Ijumaa nilikwenda na uji. Mzee Lazaro alikuwa mlangoni. Alinirudisha kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. "Rudi, binti yangu. Mule ndani si pa uji."

Jumamosi mchana kanisa lilijaa. Joto, mabati yanalia. Nilikuwa nimetoka kazini moja kwa moja, makasi yako makubwa yamo kwenye mfuko wa aproni. Sikuyabeba kwa shabaha yoyote. Yona aliingia na kamba yake. Tukasikia njuga. Tukasikia anaomba. Kisha nikasikia kitu kingine, dududu, dududu, kama mtu anapiga sakafu kwa kisigino. Mtu mmoja akapiga kelele, "Utukufu umeshuka!" Wakaanza kuimba. Wimbo ukapanda, na chini ya wimbo kile kisigino hakikuacha.

Mama yangu alizalisha wanawake ukimbizini. Mlio ule niliusikia mara moja nikiwa mtoto, nje ya mlango wa jirani, na jirani yule hakuamka.

Nilisimama. Watu waliniachia njia wakidhani roho imenishukia. Nilifika kwenye pazia nikanyoosha mkono niliinue, na miguu ikagoma. Papa, mimi niliyelishona, niliyejua kila fundo lake, niliyejua buluu ile tulinunua kwa nani pale sokoni, niliogopa kweli. Niliona nikivuka pale nitaanguka. Mzee Lazaro akasema, bila kupaza sauti, "Perusi, utakufa."

Nisingeweza kuliinua. Kuliinua ni kuingia kwa ruhusa ya pazia lenyewe. Nikatoa makasi, nikaanzia kwenye pindo, chini, kwa sababu mimi ni mfupi na hapo ndipo mkono wangu ulipofika. Pindo lilikuwa nene, nilikuwa nimelikunja mara tatu. Lilipokubali, nikashika kwa mikono miwili nikapasua kwenda juu, mpaka likakatikia kwenye bawa la kerubi. Wimbo ulikatika hapo hapo.

Nyuma ya pazia palikuwa na kasha la sabuni limefunikwa karatasi ya rangi ya dhahabu, ndicho kiti cha rehema. Palikuwa na mkeka. Mama Sifa alikuwa juu ya mkeka, anarushwa mwili mzima, povu mdomoni, macho yamegeuka. Na Yona alikuwa amepiga magoti, kichwa cha mkewe amekilaza mapajani, anakizuia kisigonge sakafu, machozi yanamtoka hadi shingoni. Kila mkewe aliporushwa, njuga za kanzu yake zililia. Ndizo tulizokuwa tunazisikiliza.

Aliniona. Akasema, "Usiingie, utakufa." Kisha, kwa pumzi ile ile, "Nisaidie."

Njuga zilitulia kidogo, wazee wakadhani Yona amekufa, wakaivuta kamba. Ilimkokota akaanguka ubavu, na kichwa cha mkewe kikagonga chini. Nikaikata kamba. Nikalivuta pazia lililobaki, boriti ikalia, likaanguka lote, tukamlaza Mama Sifa juu yake, tukalibeba pembe nne kama ingobyi, ile machela ya kubebea wagonjwa. Mimi na Yona mbele. Nyuma waliingia vijana wawili wa kwaya, sijui ni nini kiliwatoa kwenye viti. Tulitoka kwa mlango wa mbele katikati ya watu wetu wote, na hakuna aliyetuzuia, na hakuna aliyetugusa. Walikuwa wanatazama juu, kwenye mabati, wakingoja moto ushuke.

Barabarani tulisimamisha kamioneti iliyopakia mawese. Dereva alimtazama Mama Sifa mara moja tu, akaanza kushusha madumu mwenyewe, kando ya barabara, bila mlinzi, akatupeleka.

Muuguzi aliyetupokea aliinua kope za mgonjwa, akasema, "Ni kifafa cha mimba. Mungemuleta jana." Wakampasua. Mtoto alikuwa wa kiume, na alikuwa ameshakufa. Mama Sifa alilala siku nne bila kutambua mtu, siku ya tano akaomba maji.

Yona alimzika mtoto amevikwa kipande cha lile pazia, upande usio na damu. Aliniomba nikikate mimi. Nilikata, nikapinda kingo. Alipokuwa anaondoka alisema kitu kimoja: "Nilijua hakukuwa kitu mule. Tangu siku ya kwanza nilijua. Niliogopa tu kwamba mukiingia mutajua na ninyi." Toka hapo hajakanyaga kanisani. Anakaa na mkewe, anampikia, anamfulia. Wanaume wa kule nyuma ya soko wanamcheka.

Ningependa kukuambia kwamba yaliisha hapo. Hayakuisha. Sasa Mzee Lazaro ndiye anayeongoza ibada. Anasema mama angejifungua salama siku ya tatu, mtoto hai, kama si mkono wangu. Anasema mimi ndiye niliyemuua. Hasemi kwa hasira. Na wanaomwamini si watu wabaya, Papa. Ni wale wale. Yupo mama uliyemshonea sare za watoto bure. Wote wamepoteza nyumba, wengine wamepoteza na watu, na kila asubuhi wanapima maji kwa kijiti walichokichomeka ufukweni. Juzi maji yaliupita msingi wa kanisa. Leo yako kwenye ngazi ya pili. Wameshaambiana kwamba ziwa linaingia kwa kupitia pale nilipopasua.

Tangu Jumamosi ile hadi leo ni siku kumi na tatu. Mzee Lazaro amewaambia sitauona mwisho wa mwezi. Kwa hiyo wananingoja. Nikienda kuteka maji wanawake wanasogea pembeni. Sokoni hakuna anayechukua kitu kutoka mkononi mwangu. Juzi mtoto mdogo aliniuliza, bila ubaya wowote, "Tantine, utakufa dimanche ao siku ingine?" Mama yake akamvuta kwa nguvu.

Na tangu jana nina baridi. Mifupa inauma. Nilikwenda kupimwa, karatasi inasema malaria, nimeanza vidonge. Lakini sijamwambia mtu, maana hapa nikikohoa tu imekuwa hukumu. Kuna dakika karatasi naishika mkononi, naisoma tena na tena, malaria, malaria, na bado moyo unaniuliza, una hakika? Hivyo ndivyo woga ulivyo. Ukishaushona kwa mkono wako mwenyewe, unakuwa unakutosha vizuri.

Leo mchana, kabla sijafunga mlango, walileta kitambaa. Buluu, zambarau, nyekundu. Kipya, kizito, kizuri kuliko kile cha kwanza. Walikiweka hapa mezani bila kunisalimu. Mzee Lazaro akasema, "Jumapili utatubu mbele ya watu. Kisha utashona. Maji yatarudi, na wewe utapona." Akagusa paji langu la uso kwa mgongo wa mkono, kama baba. Nadhani alisikia joto.

Nilikaa hapa na kitambaa mbele yangu, na sitakudanganya, nilikipima. Nilichukua hata chaki. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu mapindo ndipo mlango ukagongwa upande wa nyuma. Alikuwa Mama Sifa, amekuja kwa miguu na kidonda chake tumboni, ameegemea ukuta. Nilimwingiza. Hakukitazama kitambaa. Aliniuliza jambo moja.

"Perusi, mimi sikuona kitu. Weye uliona. Nyuma ya pazia mulikuwa nini?"

Nikamwambia. Kasha la sabuni. Mkeka. Wewe unarushwa. Na baba Sifa amekushika kichwa kisigonge chini, analia.

Akapeleka mkono kisogoni. Hakuwa anajua kwamba alishikwa kichwa. Kisha akasema, "Basi dimanche uwaambie ivyo. Ivyo tu. Mimi nitakaa pembeni yako."

Nimetafakari maneno yake tangu alipoondoka. Kama Mungu alikuwa mule siku ile, basi alikuwa pale chini kwenye mkeka, kwenye mikono miwili iliyoshika kile kichwa. Sijasoma kama wewe. Sijui kama ni mafundisho sahihi. Ungekuwepo ungenisahihisha.

Kitambaa nimekikunja, kesho nitawarudishia. Nakuahidi, Papa: watakacholeta kingine chochote nitashona, sare, sanda, hata suti ya Mzee Lazaro akitaka, lakini pazia sitashona. Jumapili nitasimama niwaambie nilichokiona, chote, na njuga nilizozishona mimi, na siku nilizokaa kimya. Maji yakiwa yameingia kanisani nitasimama majini. Mama yangu ananiomba nipande basi niende kwa shangazi hata leo hii, kabla hawajaamua kuniua wenyewe ili unabii utimie. Analia kule chumbani nyuma ya atelye, namsikia.

Lala salama, fundi wangu. Murakoze kwa kila kitu ulichonifundisha, na unisamehe kwa kile ulichoniagiza na sikukifanya mapema. Wale watatu bado wamesimama nje. Nitafungua mlango sasa, niwasalimie. Naogopa sana. Nitafungua hivyo hivyo.

Wako,
Perusi